Mji Mmoja Wenye Majina Mengi: Jinsi Bonde la Usangu Lilivyojaa Watu

Basi linalotoka Makambako kwenda Mbeya likishavuka Mto Mbarali pale Igawa, abiria mgeni huanza kuuliza swali lilelile kila baada ya muda mfupi: hapa ni wapi? Ataambiwa Igawa, baadaye Chimala, baadaye Igurusi, na katikati yake vijiji ambavyo nyumba zake zimekaribiana kiasi kwamba kibao cha kijiji ndicho kinachomjulisha mtu kuwa ametoka kimoja na kuingia kingine. Akiteremka na kufuata barabara inayoshuka kaskazini atafika Rujewa, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, na akiendelea mbele atafika Ubaruku, ambako karibu kila nyumba ina habari ya mpunga. Sisi tuliokulia humu katika bonde la Usangu tumezoea kuyahesabu makazi haya moja moja, kila moja na diwani wake, soko lake na timu yake ya mpira. Kwa maoni yangu tunakosea hesabu. Huu ni mji mmoja ulioota vipande vipande, na kila kipande kiliota mahali ambapo maji ya mlimani yalikutana na njia ya kusafirishia mazao.

Jambo lililonifanya nilifikirie hili kwa muda mrefu ni hali ya Utengule. Kwa mtu aliyesoma historia ya Usangu, Utengule ndiyo ilipaswa kuwa mji mkubwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa makao ya watemi wa ukoo wa Merere. Hata hivyo Utengule ya leo ni kijiji cha heshima, wala si mji, ilhali Igurusi na Chimala, ambazo katika enzi za watemi hazikuwa na uzito wowote, zina mabenki, vituo vya mafuta na foleni za malori. Kwa nini makao ya watawala yalibaki nyuma, na vituo vya njiani vikawa miji?

Jibu linaanzia kwenye umbo la nchi yenyewe. Bonde la Usangu ni tambarare iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na kusini yake imesimama milima ya Kipengere na Uporoto kama ukuta. Mvua ya tambarare ni haba, milimita 600 au 700 kwa mwaka, na inanyesha kwa msimu mmoja tu, wakati milimani kiasi hicho huzidi maradufu. Maji ya mlimani hushuka kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu, na upande wa mashariki Ndembera, kisha yote huelekea katikati ya bonde, kwenye kinamasi cha Ihefu, ambako Ruaha Mkuu hutokea tena na kuendelea kuelekea Hifadhi ya Ruaha na bwawa la Mtera, linalozalisha umeme. Mahali pa thamani katika nchi ya namna hii ni ule ukanda mwembamba chini ya mlima, ambako mto umekwisha kupoteza kasi lakini haujaanza kutawanyika. Hapo mtu mwenye jembe na mikono anaweza kuugeuza mto uende anakotaka.

Wasangu wa zamani hawakuhitaji sana ukanda huo, kwa sababu utajiri wao ulikuwa ng'ombe na pembe za ndovu, na tambarare pana yenye majani iliwatosha. Usalama nao haukuwapo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vita kati yao na Wahehe wa Munyigumba, na baadaye wa mwanawe Mkwawa, viliwasukuma hadi Merere akahamishia makao yake magharibi, katika nchi ya Wasafwa, karibu na Mbalizi ya sasa. Ndiyo maana mkoa wa Mbeya una Utengule mbili, na mgeni asiyefafanua anaweza kujikuta amepanda gari la kwenda siko. Wasangu walirudi kwao katika miaka ya 1890, wakiwa upande wa Wajerumani waliokuwa wakipigana na Mkwawa, lakini walirudi katika nchi iliyopungukiwa watu. Kwa miongo kadhaa baadaye watu wa milimani waliiona Usangu kuwa nchi ya joto, mbu na homa, mahali pa kupita na mifugo badala ya kujenga.

Waliobadili sura hiyo hawakuwa wengi. Wabulushi, jamii ya wafanyabiashara waliofika bara wakitokea pwani, walikaa Rujewa wakaanza kulima mpunga kwa kumwagilia, na miaka mingi kabla ya Uhuru mifereji yao ilikuwa ikifanya kazi. Mpaka leo wapo wazee wa Rujewa wenye asili hiyo wanaozungumza Kisangu vizuri kuliko wengi wetu. Walipoonyesha kwamba mto unaweza kuelekezwa shambani, wengine walifuata kwa kasi: Wanyakyusa kutoka Rungwe, ambako ardhi ilikuwa imebana na migomba imefika hadi mlangoni, Wasafwa kutoka upande wa Mbeya, Wabena na Wahehe kutoka mashariki, Wawanji na Wakinga kutoka juu ya mlima. Kila kundi lilichagua mto wake au kipande cha mto, na humo ndimo vijiji vingi vilimozaliwa. Ukitaka kujua kijiji fulani cha Usangu kilianzaje, uliza kwanza mfereji wake ulichimbwa na akina nani.

Mfereji wa asili unaanzia kwenye banio. Banio la zamani halikuwa na saruji hata kidogo: vigingi vilipigwa mtoni, vikasukwa kwa matawi, yakajazwa mawe, majani na udongo, na kila mafuriko ya masika yalipolibomoa watu walirudi kulijenga upya. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, wala na familia moja, na kwa hiyo kabla ya kuwa na serikali ya kijiji makazi mengi yalikuwa na kamati ya mfereji. Mwenyekiti wa mfereji aliamua nani atoke kusafisha, nani atozwe faini, na zamu ya maji ni ya nani. Nakumbuka nikiwa kijana nikimsindikiza shangazi yangu usiku kwenye zamu yake, tochi mkononi, matope yakifika magotini, tukamkuta jirani wa juu amekwisha kufungulia maji kwenye majaruba yake, yaani vipande vyake vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa tuta, kabla ya wakati. Shangazi hakupiga kelele. Alimwendea mwenyekiti, aliyekuwa ameketi juu ya tuta na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, akamwamkia, "Shikamoo mwenyekiti." Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu, nimeona, nenda kafunge mwenyewe, mwambie nimekutuma mimi." Shangazi akaziba mlango wa jirani kwa kiroba cha mchanga na kipande cha mgomba, akafungua wa kwetu, na hakuna neno lililofuata. Mamlaka ya namna hiyo, inayotambulika gizani bila mgambo, ndiyo iliyowaunganisha watu wa makabila matano au sita wakawa kijiji kimoja.

Mfereji peke yake, hata hivyo, ulizaa vijiji tu. Kilichovifanya viwe miji ni njia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji mlango wa kupitishia shaba na mafuta bila kutegemea kusini, na katika muda mfupi ukanda huu ukapata bomba la mafuta la TAZAMA, barabara ya lami na reli ya TAZARA. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1970, ukafika mpaka wa Tunduma mwaka 1973, na reli ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Vyote vitatu vilipita chini ya mlima, katika ukanda uleule wa mabanio, kwa sababu kwenda katikati ya bonde kungekuwa kupambana na kinamasi na kupanda juu kungekuwa kupambana na mawe. Utengule, iliyoko ndani ya tambarare, ilipitwa kwa mbali. Hakuna aliyekusudia kuidhalilisha. Wahandisi walifuata tu ardhi ngumu.

Marehemu baba yangu aliletwa huku na reli hiyo. Alitoka Rungwe akiwa kibarua wa kubeba mataruma, na kazi iliposogea mbele kuelekea Tunduma, yeye na wenzake kadhaa wakaona hakuna haja ya kusogea nayo, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuonyeshwa maporomoko madogo ya maji na ardhi isiyo na mwenyewe wa karibu. Familia nyingi za kando ya reli zina simulizi inayofanana na hii. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Baada ya agizo la mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima, watu waliotawanyika kufuata mito midogo na malisho walikusanywa kwenye makazi yaliyopimwa kwa mistari, mengi kandokando ya barabara na reli. Sehemu nyingine za nchi operesheni hiyo iliwapeleka watu mbali na maji, ikaacha malalamiko ambayo hayajaisha. Hapa kwetu, kwa bahati zaidi kuliko kwa mpango, barabara ilikuwa imekwisha kuufuata ukanda wa maji, na vijiji vingi vilivyosogezwa barabarani vilibaki na mifereji yao nyuma ya nyumba. Nadhani hilo limechangia sana kufanya watu wasirudi walikotoka baada ya ujamaa kulegea.

Serikali nayo ilichimba mifereji yake, mikubwa. Shamba la Mpunga la Mbarali lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China, likiwa na hekta zipatazo 3,200, na likavuta vibarua, mafundi, madereva na wapishi kutoka mikoa mingi. Ubaruku ni mtoto wa shamba hilo. Watu waliokuja kufanya kazi ya mshahara walijifunza kulima mpunga wa kuhamisha miche, wakaona yanakoelekea maji yanayotoka kwenye mashamba ya shirika, na wakafungua majaruba yao wenyewe pembezoni, hata siku mshahara ulipoanza kuchelewa wao hawakuwa na njaa. Shamba la Kapunga lilifuata mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuipa Chimala wateja wapya. Madibira likakamilika baadaye kidogo upande wa Ndembera, likiwa limegawiwa wakulima wadogo waliojiunga katika ushirika wao, na mara nyingi limezua ugomvi mdogo kuliko mengine. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa, Kapunga ndiyo iliyoumia zaidi, kwa kuwa hati aliyopewa mwekezaji mwaka 2006 ilimeza na ardhi ya kijiji, na wananchi wakajikuta ni wavamizi katika kijiji kilichokuwa na shule na ofisi ya Serikali.

Igurusi ndiyo ninayoijua kuliko zote, na naomba nikae hapo kidogo. Haikujengwa na shamba kubwa. Ina mifereji mingi midogo, ina chuo cha kilimo ambacho mabwana shamba wengi wa nchi hii wamepitia, na iko kwenye lami, mwendo mfupi tu kutoka Uyole na Mbeya mjini. Kilichoifanya ikue ni mashine za kukoboa. Wakati wa zamani mpunga uliondoka ukiwa mpunga, faida ya kukoboa ikaenda kuliwa mjini. Umeme ulipofika na watu binafsi wakaanza kununua mashine, mfanyabiashara wa Dar es Salaam au wa Zambia hakuwa tena na sababu ya kwenda Mbeya: aliteremka Igurusi, akaingia mashineni, akachota kiganja cha mchele, akaupuliza, akatazama chenga na mawe, akapatana bei hapohapo.

Ukifika mwezi Julai eneo la mashine halina nafasi ya kuweka mguu. Maturubai yametandazwa kila mahali na mpunga unaanikwa juu yake. Akina mama wanaugeuza kwa nyayo wakitembea mstari kwa mstari. Vijana wanashusha magunia kutoka kwenye matrekta madogo tunayoyaita pawatila, ambayo asubuhi yalikuwa shambani yakivuruga matope na sasa yamefungwa tela. Kila mashine ina ghala, na ghala ndiyo benki yetu ya kwanza. Mkulima huweka magunia yake akisubiri bei ipande, na akihitaji ada ya shule mwenye mashine humkopesha kwa dhamana ya mpunga huohuo. Kuna wanaonyonywa hapo, sitaki kulipamba jambo. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, bado ipo, na dalali anayejifanya ndugu bado yupo. Lakini kuzunguka ghala hizo ndiko kulikozaliwa kila kitu kingine: mama lishe, fundi wa mikanda ya mashine, muuza pumba kwa wachoma matofali, nyumba za wageni, duka la pembejeo linalouza mbegu ya mpunga ya Saro, na mawakala wa fedha ambao msimu ukiisha hufunga vibanda vyao nusu ya wiki.

Hapa pia ndipo faida ya kuwa juu ya mto inapoonekana wazi. Mwenye shamba karibu na banio huandaa kitalu mapema, mito inapoanza tu kujaa mwezi Desemba, akapanda mapema na kuvuna wakati soko halina mchele mpya. Aliye mkiani husubiri mpaka maji yamshukie, na anapovuna, bei imekwisha kuanguka. Tofauti hiyo ya wiki chache, ikirudiwa miaka mingi, imejenga nyumba za tofali za kuchoma kando ya barabara na kuziacha za nyasi ndani ya bonde. Haikuwa lazima mtu wa juu awe na bidii kuliko wa chini.

Chimala ina sababu ya ziada, nayo ni mlima. Hospitali ya misheni iliyojengwa na Wamarekani katika miaka ya 1960 ilileta wagonjwa na ndugu zao kutoka mbali, na nyuma yake inaanza barabara ya kupanda Matamba, yenye kona 57, inayoelekea Kitulo. Viazi na mbao vinashuka kwa barabara hiyo, mchele na nguo za dukani vinapanda, na Wakinga wenye maduka Chimala wana shamba juu na biashara chini. Katika soko la Chimala unaweza kusikia "kamwene", "ugonile" na "mwangaluka" ndani ya dakika moja, na muuzaji anayejibu zote tatu bila kuinua macho kutoka kwenye mizani.

"Mwangaluka" ni salamu ya Wasukuma, waliofika na ng'ombe wao wakifuata majani ya Ihefu, kama walivyofanya Wamaasai na Wamang'ati. Waliishi mkiani mwa maji, na ndio waliobebeshwa lawama maji yalipopungua. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, jambo ambalo limejirudia mara nyingi tangu hapo, na mgawo wa umeme wa miaka hiyo ukaifanya Usangu kuwa habari ya taifa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba mto utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa, wengi wakaswaga mifugo hadi Lindi na Rufiji, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mipaka hiyo ilikuja kudai watu tena: mwaka 2022 Serikali ilitangaza kwamba vijiji vitano na vitongoji kadhaa vya Mbarali vihame, na kesi zikaanza. Sibishi kwamba ng'ombe walikuwa wengi kupita kiasi. Nasema tu kwamba mabanio yote yako juu yao, na sisi wa juu, tunaokula mpunga wa kiangazi kilichokauka chini, tulinyamaza tukiwatazama wakipita na mifugo yao barabarani.

Rujewa nitaipita haraka. Ilipewa makao makuu wilaya ilipozaliwa kutoka Mbeya Vijijini mwaka 2000, ikapata ofisi, mahakama na nyumba za watumishi. Bado mwenye fedha ya mpunga hujenga duka lake Ubaruku, Chimala au Igurusi, na Rujewa huenda kufuata muhuri.

Watu wa wilaya walikuwa zaidi kidogo ya 300,000 katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walizidi 440,000. Ongezeko hilo nalisoma kwenye mfereji wetu kuliko kwenye takwimu. Jaruba lililokuwa likilisha familia limegawanywa viwanja, likamwagiwa kifusi, na nyumba imesimama juu ya udongo ambao kila masika unakumbuka kazi yake ya zamani na kuloanisha kuta. Mfereji uliokuwa nyuma ya nyumba sasa uko katikati ya mtaa, umejaa chupa na nepi, na mkulima wa mkiani anaposubiri maji anapokea taka kwanza. Ofisi ya Bonde la Rufiji inatoa vibali vya maji, jumuiya za watumiaji maji zipo kwa mujibu wa sheria ya 2009, lakini wanachama wake ni wenye mashamba, na mwenye kiwanja hahesabiwi kuwa mtumiaji ingawa nyumba yake imekalia tuta.

Msimu huu kamati za mifereji ya vijiji vinne jirani zimekubaliana kukutana kabla ya Novemba, kwa mara ya kwanza nikumbukavyo, na ajenda iliyoandikwa juu kabisa ni nani alipie usafishaji wa mfereji mkuu. Wakulima wanasema wenye nyumba nao watoe. Wenye nyumba, wengi wao watoto wa wakulima haohao, wanasema wao hawana jaruba. Mimi nina nyumba na sina jaruba tena, na nitakwenda kusema kwamba tutoe, kwa kila mlango, kiasi kilekile anachotoa mwenye robo ekari.